Sahani za Themi Jazz

Akina mama wa Endabash walikuwa na hofu zao za kawaida: mtoto wa kiume asizoee gongo, asikimbilie machimbo ya Mererani kufukiwa na mawe, asimharibie mtu binti. Cresensia alimshukuru Mungu kwa hayo yote. Josephati wake hakunywa, hakutoroka, na wasichana aliwasalimia akiangalia chini. Alichomwogopea yeye ni kalamu.

Josephati alikuwa kitinda mimba. Dada zake walikuwa wameolewa Daa na Mbulu, baba yao alikuwa amefariki, na shamba la ngano na maharage lilikuwa limebaki kwa watu wawili, mama na mwana. Kijana alilima vizuri, hilo hakuna aliyelikataa. Lakini jioni, jembe likishawekwa, alikaa kwenye kigoda mbele ya redio akaanza kuandika bendi. Ndivyo mama alivyowajibu waliomuuliza. "Anaandika bendi." Wakicheka, naye alicheka, lakini moyoni hakucheka.

Bendi yenyewe ilikuwa Themi Jazz ya Arusha. Hakuwahi kuiona ikipiga hata siku moja. Aliisikia redioni akiwa bado shule ya msingi, ikamwingia kama homa, na tangu hapo alitaka kujua kila wimbo waliorekodi: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga solo, umetoka kwenye sahani gani, upande wa kwanza au wa pili, namba yake ngapi. Sahani ndivyo wapenzi wa muziki walivyoziita santuri. Josephati aliandikiana na wenzake waliokuwa na ugonjwa huo huo, mmoja Moshi, mmoja Tabora, mwingine huko Songea. Walipelekeana namba kama wengine wanavyopelekeana picha za ndoa. Na cha ajabu, yeye mwenyewe hakuwa na sahani hata moja, wala mashine ya kuipigia. Alikuwa na karatasi tu.

Betri zikiisha nguvu alizianika juani juu ya paa la banda, akazirudisha zikaimba dakika chache. Na mtangazaji akikosea jina la mwimbaji, Josephati aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Mwongo huyo! Hiyo si sauti yake, huyo alikuwa ameshaondoka kwenye bendi!"

"Baba, kwani anakusikia?" mama alimuuliza.

"Mimi hanisikii, aayo. Lakini watu wanamsikia yeye. Kesho watasema ndiyo hivyo."

"Wakisema ndiyo hivyo, mbuzi wetu atakufa?"

Josephati alimwita mama yake aayo, kama mtoto yeyote wa Kiiraqw, na kwa sauti hiyo hiyo ya upole alimkatalia kila kitu. Aliandika barua za kumsahihisha mtangazaji, akatembea hadi Karatu kuziposti, na hakujibiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, majirani walimwambia Cresensia. Choma karatasi hizo. Hakuchoma. Alijiambia afadhali karatasi kuliko chupa. Mzazi anayesoma haya aishike vizuri hiyo afadhali, kwa sababu ndiyo inayotuingiza shimoni tukiwa tunatabasamu.

Kwenye orodha ya Josephati palikuwa na pengo moja. Namba za sahani zilikwenda moja baada ya nyingine, kisha namba moja ikaruka. Si Moshi, si Tabora, si Songea, hakuna aliyeijua. Wote walikubaliana kwamba lazima ni sahani iliyotengenezwa Nairobi ikabaki huko huko, maana mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka sabini na saba. Kwa njia halali hakikupita kitu, si sabuni, si santuri.

Lakini ng'ombe hawajui mpaka. Lomayani, mfugaji wa Nainokanoka aliyekuwa akiteremka Karatu siku za mnada, alikuwa na shemeji zake ng'ambo ya Loliondo, na mara kwa mara alifika hadi Narok. Yeye na Josephati walikuwa marafiki tangu kijana alipomsaidia kusoma karatasi ya dawa ya ng'ombe. Basi Josephati akamwomba.

"Niletee sahani kutoka Kenya. Ya Themi Jazz. Usisahau jina."

"Sahani. Nimeshika," Lomayani alisema, akaenda zake.

Alirudi baada ya mvua za vuli. Cresensia ndiye aliyempokea uani.

"Yeyo, sopa," alimwamkia, maana kwa Wamasai nao mama ni karibu neno lile lile. "Nimeleta ile sahani ya kijana. Nimebeba kama mtoto mchanga."

Josephati aliitwa kutoka shambani. Alikuja mbio, kisha akasimama ghafla akaenda kunawa mikono kwa majivu, akaikausha kwenye shati, akakaa. Lomayani alifungua mgolole polepole. Ndani yake palikuwa na sahani sita za bati, nyeupe, pembeni zina mstari wa bluu na katikati maua mekundu.

Kuku alipita.

"Mbaya?" Lomayani aliuliza. "Mimi nimechagua. Ilikuwepo ya picha ya jogoo, nikaacha."

"Lomayani, mimi nilikuambia sahani."

"Na hii ni nini? Kofia?"

"Sahani ya kuimba! Ya muziki!"

Lomayani aliinua moja, akaigonga kwa kidole. Ikalia ngliii. Akaiweka sikioni, akasikiliza kwa makini sana. "Hii inaimba," alisema, "ila kidogo."

Cresensia alicheka hadi akakaa chini. Josephati alitabasamu kwa adabu, akamshukuru rafiki yake, akarudi shambani, na jioni ile hakuwasha redio.

Mama alifurahi kupita kiasi, na nani angemlaumu? Duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu. Watu walikuwa wakila kwenye vifuniko vya masufuria. Zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwake, aliwapakulia wageni kwenye sahani zile za maua.

"Mama Josephati!" Antonia, jirani yake, alipiga kelele. "Leo tunakula kama maaskofu!"

"Josephati kaagiza ng'ambo," Cresensia alisema, kifua mbele.

"Mwambie aniagizie na mimi."

"Huyo? Sahani zake zilizoko kwenye makaratasi zingetosha kulisha parokia nzima!"

Wakacheka wote. Piusi, balozi wa nyumba kumi, alicheka kuliko wote, akapeleka sahani yake iongezwe ugali.

Mwaka uliofuata, themanini na tatu, mvua za masika zikiwa zimeanza, redio ile ile ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wenye mali za magendo. Watu walianza kuogopa vitu vyao wenyewe. Mwenye sabuni aliizika. Mwenye khanga mpya aliivaa ndani ya kuukuu. Huko Karatu mwenye duka mmoja alimwaga sukari kwenye choo, na nyuki wakamfichua. Mabalozi waliitwa wakaulizwa majina, na balozi asiye na jina la kutoa alianza kuangaliwa yeye. Piusi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na woga mwingi. Alikumbuka ugali aliokula, na kicheko.

Landrova ya polisi ilikuja asubuhi, maziwa yakiwa bado jikoni. Walizitoa sahani sita kabatini. Kisha wakazipata karatasi, na sajenti akazisoma palepale uani, kwa sauti, uso ukizidi kuwa mzito.

"Kutoka Moshi: sahani nne. Kutoka Tabora: sahani kumi na moja, zimehakikiwa. Songea: sahani saba, mbili zina mashaka. Nairobi: inasubiriwa." Akainua macho. "Kijana, wewe ni tajiri. Ghala lako liko wapi?"

"Afande, hizo ni santuri. Ni orodha ya—"

"Nimesoma sahani hapa, na sahani nimezishika mkononi. Panda gari."

Cresensia alilifuata gari mbio hadi mtoni, mikono ikiwa na maziwa.

Kesho yake alikuwa kituoni Karatu kabla milango haijafunguliwa. Sajenti hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa makamo, amechoka, macho mekundu kwa operesheni isiyoisha. Alimpa mama benchi.

"Mama, mimi nakusikiliza. Sahani sita za bati za mama mjane, hizo naweza kuzifumbia macho. Lakini karatasi hizi zina mamia. Unasema ni nyimbo?"

"Ni nyimbo, baba. Angalia, kaandika upande wa kwanza, upande wa pili."

"Hata sahani ya kulia ugali ina pande mbili."

"Ya kulia haina mtunzi!"

Sajenti alikaribia kucheka. Akapanga karatasi vizuri. "Basi niletee moja. Moja tu, niione kwa macho, nimwonyeshe na mkubwa wangu, kwamba kuna kitu chenye namba kama hizi na kinaitwa sahani. Kabla lori la Arusha halijaja kuwachukua hawa."

Moja tu. Nyumbani hapakuwa hata na nusu. Mtu akikamatwa na mali ya wizi walau anayo mali. Mwanawe alikuwa amekamatwa kwa vitu ambavyo hakuwahi kuwa navyo.

Mtu mmoja alikuwa nazo: mzee Qamara wa Oldeani, aliyekuwa nyapara kwenye shamba la kahawa enzi za Wajerumani na Waingereza wenye mashamba. Kijana alizoea kupanda kwake kila baada ya mavuno, kuzitazama sahani zake na kunakili. Cresensia alidandia tela la trekta hadi lilipokwama kwenye tope, kisha akapanda kwa miguu ndani ya ukungu, akipita katikati ya mibuni ambayo haikuwa imepogolewa miaka mingi. Alimkuta mzee amekaa mlangoni, blanketi mabegani.

"Aako, shikamoo," alisema, kama Wairaqw wanavyomwita babu.

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya sahani, sina. Sijawahi kuwa nazo."

"Aako, mwanangu amezishika kwa mikono yake hapa kwako."

"Aliota." Mzee aliangalia barabarani, kisha akashusha sauti. "Nimezifukia kwenye samadi. Jana wamemchukua mpika gongo wa huku chini, na pombe hawakuiuliza hata kidogo. Wameuliza debe kalitoa wapi."

Cresensia alipiga magoti kwenye matope, mwanamke wa umri wake, na akakaa hivyo hivyo. Qamara alivumilia muda, akaguna, akachukua koleo. Aliyoifukua ilikuwa imeviringwa kwenye gunia na mfuko wa mbolea. Aliifuta kwa blanketi lake.

"Chukua hii. Lakini wakikuuliza ni ya nani, mimi sipo. Apa."

"Naapa. Nitasema ni yetu."

"Sema ni ya kijana. Anaipenda kuliko mimi."

Akashuka nayo tumboni, chini ya kitenge, mikono miwili juu yake. Aliyemwona alidhani ni mjamzito, akamshangaa na mvi zake. Alilala kwa binti wa ndugu yake Karatu, na asubuhi akaiweka mezani kwa sajenti, nyeusi, nzima, haina hata ufa.

"Ya nani hii?" sajenti aliuliza.

"Ya mwanangu," alisema haraka, kabla ulimi haujasita.

Sajenti aliishika kwa ncha za vidole. Alisoma karatasi ya katikati, akazifungua karatasi za Josephati, akatafuta namba kwa kidole, akaipata. Uso wake ulifunguka. "Kumbe ni kweli. Sahani, upande wa kwanza, upande wa pili. Loo!" Akamwita askari wa zamu aje aone. Wakacheka pamoja, na Cresensia akacheka nao huku machozi yakimtoka. Askari akaambiwa amlete kijana ili atie sahihi aende zake.

Josephati aliingia bila mkanda na bila viatu. Alimwona mama, kisha akaiona sahani, na mama akajua kwamba ameitambua na anajua imetoka kwa nani. Wakaangaliana. Hakulitaja jina la Qamara.

Sajenti alikuwa anaandika. "Hapa imeandikwa Nairobi," alisema bila kuinua kichwa, kama anayeuliza hali ya hewa. "Lakini hii ni ya zamani. Iliingia kabla ya mpaka kufungwa. Siyo, mama?"

"Ya zamani sana, baba."

"Basi naandika sabini na sita."

"Hapana, afande," Josephati alisema.

Kalamu ilisimama.

"Ya sabini na sita ilikuwa na nembo ya bluu. Hii nyekundu ni toleo la pili. Na hapo kwenye namba wameongeza herufi, unaiona? Hii ni ya sabini na tisa. Wengi huichanganya."

Juu ya watu, Josephati aliweza kunyamaza. Juu ya sahani hakuweza. Cresensia aliona mlango wa mwanawe ukifungwa, na aliyeusukuma ni mwanawe mwenyewe, kwa upole ule ule wa kumsahihisha mtangazaji.

"Kijana," sajenti alisema polepole, "fikiri vizuri. Hii ni ya sabini na sita."

"Afande, ningependa iwe hivyo. Lakini siyo."

"Amechanganyikiwa!" Cresensia alidakia. "Hajala tangu juzi! Baba, andika ulivyosema!"

Lakini askari wa zamu alikuwa amesikia, na mlangoni alikuwa amesimama mkubwa wa sajenti, ambaye hakuna aliyemwona akifika.

"Ya sabini na tisa, kutoka Nairobi," mkubwa alisema. "Imepitia wapi?"

Josephati alinyamaza.

"Ya nani?"

"Mama yake amesema ni ya huyu," sajenti alijibu akiangalia meza.

"Siyo yake!" Cresensia alipiga kelele. "Nimesema uongo! Siyo yake!"

"Ni ya nani basi?"

Alifungua mdomo. Mbele yake lilikuja blanketi la Qamara, na mikono yake ikifukua samadi. Akamwangalia mwanawe, na Josephati akatikisa kichwa kidogo sana. Alipoupata ulimi tena, mkubwa alikuwa ameshaondoka na karatasi.

Sajenti aliifungia sahani kipande cha uzi na lebo. Josephati alisoma kilichoandikwa akiwa anapitishwa mlangoni. "Sahani nyeusi, moja." Hata hapo aligeuka. "Afande, weka na namba yake."

Lori la Arusha lilikuwa uani, limejaa watu wenye mashati mazuri na wengine wasio na mashati. Mama alimshika mkono kabla hajapanda.

"Baba yangu, neno moja tu. Ungesema ndiyo."

"Ingeandikwa, aayo. Kwenye kitabu cha serikali. Kikishaandikwa humo hakifutiki."

"Na wewe? Wewe unafutika?"

Alikuwa amesoma vitu vingi, lakini hilo hakuwahi kulifikiria, na mama yake aliona likimwingia usoni pole pole, kama baridi inavyoingia nyumba isiyo na mlango. Askari akamsukuma ndani.

Alihukumiwa Arusha, miaka mingi, pamoja na wenye maghala. Cresensia aliposikia na kufika, alikuwa ameshahamishiwa gereza la mbali, kusini, mahali ambapo jina lake hata karani wa mahakama aliyempa habari hakulitamka sawasawa. Barua alizopeleka hazikujibiwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, ngano ikiwa imeshavunwa kwa mikono ya vibarua, mpaka wa Kenya ukafunguliwa.

Antonia ndiye aliyekuja mbio kumwambia. "Mama Josephati, wamefungua! Si watamwachia sasa?"

Alishuka Arusha tena. Mjini santuri zilikuwa zimepangwa dukani mchana kweupe, za nembo nyekundu na za bluu, vijana wakizigeuza. Kwenye ofisi ile ya mahakama alimkuta karani mwingine, kijana wa umri wa Josephati, mwenye heshima. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, mpaka umefunguliwa Novemba. Kosa la mwanao ni la Mei."

"Lakini ni kitu kile kile, mwanangu. Kinauzwa hapo nje."

"Kitu ni kile kile. Tarehe siyo."

Hata angekuwepo mwanawe pale, asingemjibu, maana karani alikuwa ameisema sawasawa.

Alipata lifti ya kurudi juu ya lori lililokuwa linapeleka sabuni za Kenya Karatu. Alikaa juu ya maboksi, amejifunga kitenge kichwani kwa ajili ya vumbi. Walipita Makuyuni, wakapita Mto wa Mbu, wakapanda ukuta wa bonde hadi juu, na njia nzima hakuna askari aliyelisimamisha lori.